Nilivyopunguza vivuli kwenye eskaveta na shoveli: chokaa kwanza, kamera baadaye

Mashine zilikuwa mbili. Moja ni eskaveta ya tani 20 inayochimba mtaro wa maji ya mvua kando ya barabara huku Mbagala, nyingine ni shoveli ya matairi inayopakia kokoto kwenye matipa. Kila anayeniuliza kuhusu kazi hii huanza na kamera: aina gani, inauzwa wapi Kariakoo. Kamera mimi niliifunga mwisho kabisa. Kabla yake kulikuwa na chokaa, sabuni na spana, na hizo tatu ziliondoa karibu nusu ya tatizo.

Sehemu ambayo opereta haioni akiwa amekaa kwenye kiti naiita kivuli. Kivuli hakikisiwi, kinachorwa chini. Nilichagua Jumapili saiti ikiwa imetulia, nikaegesha eskaveta kwenye tambarare, bumu (mkono mkubwa wa mashine) na ndoo zikiwa kama zinavyokaa mashine inapotembea, injini imezimwa na ufunguo uko mfukoni mwangu. Kiwango cha kimataifa cha ISO 5006 hupima kwa duara la nusu kipenyo cha mita 12 kutoka alipo opereta, na mstari mwingine mita 1 kutoka kwenye mwili wa mashine. Sikuwa na taa za kupimia zinazotakiwa na kiwango hicho, wala sikuwa natafuta cheti. Niliazima vipimo tu. Chini ya kiti kuna cheni za kutembelea, huwezi kupiga kigingi cha kuzungushia kamba, kwa hiyo nilipima kwa tepu kutoka usawa wa kiti kwenda pande nane, nikaunganisha alama kwa chokaa ya unga.

Msaidizi alizunguka na mabomba mawili ya PVC, moja la mita 1.5 na jingine la mita 1. Opereta alikaa na mkanda wake, kiti kikiwa kwenye kimo anachotumia kila siku. Kugeuza shingo ruksa, kuinuka hapana. Ncha ya bomba ikipotea anasema "imepotea", tunatia nukta. Ikirudi anasema "naiona", nukta nyingine. Lile fupi usiliache. Kijana aliyeinama kufunga nondo au kuzoa udongo hafiki mita 1.5. Na rudia zoezi na opereta wa zamu ya pili: wa kwangu walipishana kimo, na nukta zao zilipishana kwa zaidi ya hatua moja.

Ramani ya eskaveta ilikuja hivi. Kushoto, upande wa kebini, karibu kila kitu kinaonekana. Nyuma, uzito wa nyuma, lile chuma linalosawazisha mashine, unafunika. Kulia ndiko kubaya: bumu inakata mbele, tangi na boneti ya injini vinakata nyuma, na bomba fupi kwenye mstari wa mita 1 lilipotea kuanzia usawa wa bumu mpaka kona ya nyuma bila kurudi hata mara moja. Nikaongeza duara la tatu, la mzunguko wa uzito wa nyuma. Kwa mashine ya ukubwa huu ni takriban mita 2.8 kutoka katikati. Ukingo wa nje wa cheni uko kama mita 1.4 tu kutoka hapohapo. Maana yake kebini ikigeuka ubavu, uzito unatokeza nje ya cheni kwa zaidi ya mita moja. Mtu aliyesimama hatua moja pembeni ya cheni akidhani amejitenga, yumo ndani ya njia ya lile chuma. Duara hili ndilo lililowanyamazisha vibarua kuliko maneno yangu yote.

Baada ya ramani nikaanza na vya bure. Kioo cha kulia kilikuwa na tinti na pazia la kitenge. Nimeelewa sababu, jua la Dar likikupiga shavuni tangu saa nne si mchezo, lakini huko kulia ndiko tulikokuwa hatuoni. Tinti ikatoka, na badala yake nikatengeneza AC, ambayo shida yake ilikuwa kichujio kilichojaa vumbi tu. Dumu la maji, fulana na stika tatu za kioo cha mbele zikashuka. Kiti nikakipandisha mpaka opereta akaona ncha za cheni bila kunyoosha shingo.

Vioo vina kanuni moja: maji kwanza, kitambaa baadaye. Vumbi la kokoto ukilifuta kikavu linachora kama msasa, na ikifika saa kumi na moja jioni mashine ikitazama magharibi, ile michoro yote inawaka kwa pamoja, opereta haoni hata ndoo yake. Dirisha la juu la eskaveta nyingi ni plastiki ngumu, si kioo. Ukiliosha kwa petroli au thina linapata ukungu usiotoka tena. Tumia maji na sabuni ya maji. Mpira wa waipa hukauka kwa jua kabla haujaisha kwa kazi, hivyo nabadilisha kabla ya masika hata kama unaonekana mzima.

Saiti mira zilikuwa zimelegea nati. Zinapangwa opereta akiwa kwenye kiti, mtu mwingine akiwa nje na spana. Ukizipanga umesimama chini unajidanganya. Ya kulia niliipanga mpaka ukingo wa mashine uchukue sehemu ndogo ya kioo na ardhi ichukue iliyobaki. Shoveli niliiongezea kioo mbinuko, kilichotuna kwa nje, nyuma. Hicho kinapanua eneo lakini kinafanya kila kitu kionekane kidogo na cha mbali, kwa hiyo ni cha kugundua kwamba kuna mtu, si cha kukadiria umbali.

Kamera sasa. Eskaveta ilipata mbili, ya nyuma juu ya uzito na ya kulia kwenye ukingo wa boneti. Shoveli ilipata moja ya nyuma. Onyo moja kabla ya kugusa chochote: nguzo na paa la kebini linalomkinga opereta mashine ikibiringika halitobolewi wala halichomelewi. Ukilitoboa umedhoofisha kinga yenyewe. Nilitumia matundu ya bolti yaliyokuwepo na kibano. Na kama kwingineko lazima uchomelee, toa terminali za betri na chomoa kompyuta ya mashine kwanza.

Umeme ndio unaoua vifaa vingi. Eskaveta ni volti 24, na injini ikiwaka alteneta hupeleka hadi kama volti 28. Skrini ya magari madogo iliyoandikwa volti 12 itatoa moshi siku hiyohiyo. Nunua iliyoandikwa 10 hadi 32. Waya wa milimita za mraba 1.5 unatosha. Fyuzi ya ampea 3 niliiweka karibu kabisa na ninapochukulia umeme. Ikikaa upande wa skrini, waya ukichunika njiani hakuna kinachoulinda. Hasi niliirudisha kwenye hasi ya betri, si kwenye bodi, maana bodi yenye kutu huleta picha inayocheza.

Shoveli ina rivasi, kwa hiyo waya wa kuamsha picha nilichukua kwenye waya wa king'ora cha rivasi. Eskaveta haina rivasi, na hapa mafundi wengi wa magari hupotea wakitafuta waya usiokuwepo. Iache picha iwake muda wote ufunguo ukiwa umewashwa. Kamera zote ziko kwenye sehemu ya juu inayozunguka, hivyo kebo haipiti katikati ya mzunguko. Kwenye tipa la kukunja kiuno kebo hupita kiunoni: ifuate mipira ya haidroliki, kunja mashine mwisho kulia na mwisho kushoto, ndipo ukaze kebo tai.

Kamera ya nyuma ielekeze chini mpaka ukingo wa uzito uonekane kidogo chini ya picha, vinginevyo opereta hana cha kupimia umbali. Washa mpangilio wa kugeuza picha kama kioo ili kushoto kubaki kushoto. Skrini ya inchi 7 niliifunga kwenye nguzo ya mbele kulia, karibu na saiti mira, mahali ambapo jicho linakwenda lenyewe. Juu ya paa hakuna anayeitazama. Opereta wetu mzee alilalamika usiku wa kwanza: "Fundi, hii skrini inanipofusha." Ilikuwa kweli, mwanga wake ulikuwa umewekwa wa mchana. Tuliupunguza.

Yaliyoharibika baadaye ni haya. Mistari kwenye picha usiku: kebo ya kamera ilifungwa pamoja na waya wa taa za LED za bei rahisi. Niliitenganisha kama sentimita 30, mistari ikaisha. Viungo vya kebo kushika kutu kijani: hewa ya chumvi, hata mbali na ufukwe. Sasa napaka grisi ya umeme kabla ya kuunga, kisha tepu, na kiungo nakigeuza kitazame chini. Taa za kazi zilizokuwa juu ya kebini ziliangaza vumbi mbele ya macho ya opereta badala ya kazi. Nilizishusha na kuzipeleka pembeni.

Vitambuzi vya kupiga kelele mtu akikaribia nilivijaribu kwenye shoveli, nikavitoa. Kando ya barabara yenye bodaboda na mama lishe vinalia mfululizo, na opereta huchomoa waya siku ya tatu. Kwenye machimbo yaliyozungushiwa uzio pengine vingefaa.

Vivuli vilivyobaki baada ya yote hayo nimevichora kwa rangi nyekundu kwenye mchoro mdogo uliobandikwa mlangoni, na nakala anayo mshika bendera, anayeongoza watu na mashine. Makubaliano yao ni mafupi: anayetaka kuingia kwenye nyekundu anasimama anapoonekana, anainua mkono, opereta anashusha ndoo chini na kufunga levya ya usalama, ndipo anaingia. Kamera haikubadilisha neno hata moja hapo.

Kamera zisizo na waya nilizikataa, kwa sababu picha ikiganda haionyeshi kwamba imeganda: saiti tupu ya dakika mbili zilizopita inafanana na saiti tupu ya sasa. Hata hizi za waya hazianzi kazi asubuhi mpaka mshika bendera afute lenzi, apunge mkono mbele ya kila moja, na opereta amjibu kwa honi.