Choo cha boti, lori la kunyonya, na mdudu aliyenishinda akili

Babu yangu alikuwa baharia wa jahazi. Choo chao kilikuwa kisanduku cha mbao kilichoning'inia tezi, nyuma ya chombo: unaingia, unashika kamba, mengine unaiachia bahari. Hakukuwa na pampu, valvu wala tangi. Mimi mjukuu wake natunza boti ya matanga ya futi 38, iliyofungwa kwenye boya kriki ya Kilifi, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, na choo chake kilinikosesha usingizi karibu wiki mbili. Naandika kwa sababu kila niliyemuuliza alinipa dawa ya kumimina. Mimina hiki, mimina kile. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama tangi langu linapumua.

Kwa asiyevijua vyombo hivi: unapiga pampu kwa mkono, choo kinavuta maji ya bahari na kusukuma uchafu kwenye bomba la inchi moja na nusu. Mbele kuna valvu ya njia mbili. Ukiigeuza huku, uchafu unakwenda baharini moja kwa moja. Ukiigeuza kule, unaingia tangini. Tangi langu ni la plastiki, lita 70 hivi, limekaa juu kidogo ya usawa wa maji, nyuma ya kitanda cha wageni. Ukiwa mbali baharini unafungua koki ya chini, linajimwaga lenyewe. Juu ya sitaha kuna kifuniko ambapo wenzetu wa Ulaya huchomeka mpira wa kunyonyea wakifika bandarini. Mimi huduma hiyo Kilifi sijaiona. Halafu kuna kijibomba cha hewa kinachotokea ubavuni mwa boti, tundu lake halipiti kidole cha mwisho. Tundu hilo nalijua tangu siku ya kwanza kazini, na ndilo la mwisho kulifikiria.

Boti ilikaa msimu wote wa mvua bila kuguswa, kisha bosi akaleta wageni siku tano. Siku ya pili, tukiwa nje kabisa ya mwamba, nikafungua koki. Uchafu ukatoka kidogo, ukakata. Nikapiga bomba na nyundo ya mbao, nikafungua, nikafunga, kimya. Miongoni mwa wageni kulikuwa na mama mwenye mtoto mchanga na pakiti kubwa ya vile vitambaa vya unyevu vya kufutia watoto. Nikasema basi, mchawi wangu nimemwona. Nilimtazama kwa jicho baya siku tatu nzima. Dada yangu, popote ulipo, niwie radhi.

Wageni walipoondoka boti ilikuwa hainusiki. Hapo ndipo washauri walipojitokeza, na kila mmoja ana miaka thelathini baharini. Mmoja akasema mafuta ya kupikia. Mwingine akasema soda. Jirani yangu wa boya la tatu, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, akaniambia nimimine lita tano za siki, na hapo hapo nifuatishe dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe. Nilifika nyumbani nikachukua dumu la klorini chini ya sinki. Mke wangu, ambaye husafisha vyumba vya hoteli, akaniuliza naenda nayo wapi. Nikamweleza. Akanipokonya dumu. "Klorini na siki pamoja, ndani ya kijumba kile kisicho na dirisha? Baba Rashidi, kama unataka kufa sema tujue." Ni kweli, vikichanganyika hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo haitanii mapafu ya mtu. Hata klorini peke yake hula raba za pampu. Siki pekee ni rafiki, nitaieleza.

Kesho yake nilikwenda kufungua kifuniko cha sitaha nichungulie. Ilikuwa Ijumaa, nimevaa kanzu, nia yangu ni dakika moja tu kisha msikitini. Kifuniko kilipolegea kidogo nikasikia pssss, kama tairi la lori. Mwenye akili angesimama hapo akajiuliza upepo huo umejaaje. Mimi nikaendelea kuzungusha. Sitaeleza yaliyofuata, ila niliswali adhuhuri peke yangu, nyumbani, baada ya kuoga mara tatu.

Ndipo likanijia wazo la lori la kunyonya vyoo. Hapo nitakaa kidogo, maana hata leo naona lilikuwa wazo zuri.

Malori hayo hunyonya mashimo ya hoteli na nyumba za kupangisha. Kwa nini lisinyonye boti? Tatizo la kwanza ni kufikisha lori na boti pahali pamoja. Nikachagua pale feri ilipokuwa ikitua zamani kabla ya daraja, kuna mteremko wa zege ambao gari zito linaweza kushuka. Tatizo la pili ni maji. Kwetu bamvua, yaani maji makuu, hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Maji yakipwa boti iko chini kabisa na ukisogea inakaa mchangani. Nikangoja bamvua la mwezi mpevu, maji yalipojaa mpaka juu nikasogeza boti taratibu, vijana wawili wakiishika kwa kamba. Tatizo la tatu ndilo lililonipa sifa: mpira wa lori una upana wa inchi tatu, tundu langu la sitaha ni moja na nusu. Nilishinda duka la mabomba nikiunganisha vipande vya kupunguzia, tatu hadi mbili, mbili hadi moja na nusu, kisha kila kiungo nikakizungushia utepe wa tyubu ya baiskeli, nikakaza hadi mikono ikauma. Hewa isipite hata kidogo. Na ili lori lisije likavuta maji ya choo chenyewe, nikaigeuza ile valvu ya njia mbili, nikalitenga tangi na choo. Koki ya chini, nayo nikaifunga. Kwa mikono yangu hii nimefunga kila mlango.

Dereva akanitazama, akatikisa kichwa, akawasha. Mpira ukaruka kama chatu. Nusu ya kwanza ikatoka vizuri, mama karanga, wale wachuuzi wa samaki wa kukaanga, waliokuwa wakingoja samaki wakaziba pua na mitandio, wakinitukana kwa adabu. Mimi nimesimama kifua mbele. Kisha ndani ya boti ikalia sauti, kwanza mlio kama mlango usiotiwa mafuta, halafu PAA! Nikashuka mbio. Tangi lilikuwa limejikunja kama chupa ya maji ya plastiki unayoivuta pumzi, mbao ya kitanda imeng'oka, na kwenye mshono wa kona kuna ufa urefu wa kiganja. Supu iliyobaki ilikuwa ikiteremka taratibu chini ya sakafu.

"Simamisha! Simamisha!" Dereva akazima. Akachungulia, akaniuliza kwa upole: "Kwani hewa ulitaka iingilie wapi?"

Mtu ambaye hajawahi kukanyaga boti. Alilipwa elfu sita, au saba, na chai juu, na swali lile peke yake lilistahili mara mbili.

Nikazunguka kwa dingi, kile kijimashua cha boti, mpaka ubavuni, nikalitazama lile tundu la hewa. Lilikuwa limezibwa kwa udongo, laini, umesiribwa vizuri kuliko ukuta wa nyumba yangu. Nyigu. Yule mweusi mwenye kiuno kama uzi, anayefinyanga udongo kwenye kona za madirisha. Nikachokonoa kwa uti wa kuti la mnazi, vikatoka vibonge vya udongo, na ndani yake buibui wadogo wamelala, chakula alichowawekea watoto wake. Alikuwa na miezi yote ya mvua kufanya kazi hiyo, boti imetulia, hakuna wa kumsumbua.

Kila kitu kikajieleza. Mama yangu akifungua kopo la maziwa hutoboa matundu mawili, moja la maziwa na moja la hewa. Ukitoboa moja, yanatoka kidogo na kukata. Ndiyo sababu koki ilikata. Gesi isipopata pa kutokea inajaa, ndiyo ile pssss ya Ijumaa. Na lori likivuta pasipo hewa ya kujaza nafasi, tangi ndilo linaloingia ndani. Laiti viungo vyangu vingevuja kidogo tu, tangi lingepona. Ustadi wangu ndio uliolivunja.

Kulitoa tangi na kusafisha chini ya sakafu ilikuwa siku mbili ambazo sina haja ya kuzikumbuka. Fundi anayechomelea matangi ya maji ya plastiki aliupasha joto mkunjo ukarudi, akachomelea ufa kwa plastiki ya aina ile ile, akanitoza pesa ndogo baada ya kumhakikishia mara nne kuwa nimeliosha. Nililijaza maji usiku kucha juu ya magazeti. Asubuhi magazeti yalikuwa makavu, ndipo nikalirudisha.

Kwa kuwa mabomba yalikuwa nje tayari, nikayaangalia. Mkojo ukikutana na maji ya bahari hufanya magaga meupe magumu kama chokaa, yananenepa mwaka hadi mwaka mpaka bomba la inchi moja na nusu linabaki tundu la kalamu. Wengine humwaga asidi. Mimi nililiziba bomba upande mmoja, nikalipiga kwenye zege kama mvuvi anavyopiga pweza, likatema vipande ndoo nzima. Ukitaka kujua kama bomba lenyewe limekufa na linapitisha harufu, lizungushie kitambaa kilicholowa maji ya moto, ngoja kipoe, kinuse. Bomba langu moja lilifeli, nikanunua jipya, hilo lilikuwa ghali kuliko lori na fundi pamoja.

Sasa kila wiki namimina siki vikombe viwili chooni, napiga pampu kidogo ikae bombani usiku. Pampu ikikaza naweka grisi ya silikoni. Mafuta ya kupikia hulainisha siku mbili tu, na huenda raba zikavimba. Wageni nawapa pipa lenye kifuniko kwa vitambaa vyao, bila jicho baya. Na nimegundua jambo: wanaotumia karatasi huziba bomba, sisi wa kopo la maji hatuzibi kitu ila tangi linajaa haraka ajabu, kwa hiyo nikiwa na wageni wa aina yangu nahesabu siku kwa makini.

Kuhusu kumwaga, wapo wanaofungua koki usiku humu humu krikini, nawajua, na watoto wa Mnarani wanaogelea asubuhi. Kanuni za MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli kuchafua bahari, kwa meli kubwa zinataka maili 3 za baharini kutoka nchi kavu kama uchafu umesagwa na kuuliwa vijidudu, 12 kama ni ghafi, na chombo kiwe kinatembea noti 4 (maili 4 za baharini kwa saa) au zaidi. Boti yangu ni ndogo mno kuhesabiwa humo, lakini uchafu wangu ni ghafi kama wa meli. Mkondo wa pwani yetu nao karibu mwaka mzima unaelekea kaskazini, maana yake ukimwaga karibu na Kilifi unaipelekea hifadhi ya bahari ya Watamu. Kwa noti 5, maili 12 ni karibu saa mbili na nusu. Wageni wanaona matanga na pomboo, mimi nafungua koki, hakuna anayejua.

Kabla ya kung'oa nanga nalowesha kidole, nakiweka kwenye tundu la hewa, kijana wangu anapiga choo pampu tatu. Nisiposikia upepo kidoleni hatuondoki. Boti ikilala, tundu nalifunga kipande cha chandarua kwa raba ya tyubu, na kila nikiosha sitaha nakipitishia maji baridi, yasiyo ya bahari, chumvi isizibe.

Bosi alipokuja akauliza kile kitambaa cha mbu ubavuni mwa boti yake nzuri ni cha nini. Nikamwambia asikiguse. Juzi nimemkuta nyigu yule, au binamu yake, akizunguka tundu la hewa la tangi la dizeli na kibonge cha udongo mdomoni. Nimekata kipande kingine.