Jinsi nilivyotenganisha uchafu wa majitaka na uchafu wa mgodi katika mto mmoja

Nilipokabidhiwa jalada la mto ule, nilikuta ndani yake jedwali la vipimo vya miaka kadhaa lililoonyesha jambo ambalo sikuweza kulikubali. Maji yalichafuka yalipopita mdomo wa bomba la mtambo wa kutibu majitaka, na hilo lilitarajiwa. Lakini kilomita chache chini yake, baada ya kijito chenye rangi ya kutu kinachotoka katika mgodi uliofungwa kuingia mtoni, karatasi za maabara zilisema mto umepona. Bakteria wa kinyesi walikuwa wamepungua, fosfeti imeshuka, na mahitaji ya oksijeni ya kibiolojia, yaani oksijeni inayotumiwa na vijidudu kuozesha uchafu kwa siku 5 katika joto la nyuzi 20, yalikaribia yale ya maji safi. Nilikwenda kuutazama mto wenyewe. Samaki hawakuwepo, mawe yalifunikwa na utando wa rangi ya machungwa, na chini ya mawe hayo sikuona hata buu mmoja wa wale wadudu wa majini ambao hutoweka mapema maji yanapoharibika.

Kazi yangu ilikuwa kupendekeza masharti ya vibali vya kumwaga maji kwa pande zote mbili. Wenye mtambo walisema mto umeuawa na mgodi. Wasimamizi wa mgodi walisema umeuawa na majitaka, na kwamba maji yao yalikuwa yakiusafisha. Jedwali lile liliwapa wote utetezi, na kwa sababu hiyo kwa miaka mingi hakuna aliyewajibishwa.

Sehemu ya jibu niliipata katika kemia. Madini ya pairiti, ambayo ni chuma na salfa, yakikutana na hewa na maji ndani ya mahandaki huzalisha tindikali ya salfa, nayo tindikali huyeyusha zinki, shaba na metali nyingine kutoka katika miamba. Maji hayo yanapochanganyika na maji ya mto ambayo hayana tindikali, chuma huganda na kuzama, na katika kuzama hukamata fosfeti. Tindikali nayo huua bakteria wa kinyesi. Kwa hiyo dalili mbili za majitaka zilikuwa zikifutwa, ilhali amonia, inayotokana na majitaka, iliendelea kusafiri na maji bila mtu kuipima kwa utaratibu.

Kipimo cha oksijeni ndicho kilichonichukua muda mrefu, na kilitatuliwa na mtaalamu wa maabara, mama mmoja aliyekuwa na desturi ya kuhifadhi hata matokeo ambayo wengine huyatupa. Kila sampuli huzimuliwa kwa viwango tofauti kabla ya kuwekwa gizani, na baada ya hesabu kusahihishwa, viwango vyote vinapaswa kutoa jibu linalokaribiana. Aliniwekea daftari mezani akasema, "Angalia hapa, bwana. Kadiri ninavyozimua zaidi, ndivyo namba inavyopanda. Vijidudu vyako vinauawa ndani ya chupa." Alikuwa amesema kweli. Metali na tindikali zilivizuia vijidudu visifanye kazi, navyo visipofanya kazi havitumii oksijeni, na karatasi ya matokeo husoma kana kwamba hakuna uchafu wa kuozesha. Chupa iliyozimuliwa sana, ambamo sumu imepungua nguvu, ndiyo iliyokaribia ukweli, nayo ndiyo iliyokuwa ikiachwa kwa kudhaniwa kuwa na kosa. Tangu siku hiyo tulikubaliana kurekebisha pH, yaani kipimo cha tindikali ambacho hushuka tindikali inapozidi, ya kila sampuli ya chini ya mgodi, kuongeza vijidudu hai, na kuripoti viwango vyote vya uzimuaji.

Baada ya hapo nilipanga upya upimaji. Nilichagua vituo juu na chini ya kila chanzo, mbali kiasi cha kutosha ili maji yawe yamechanganyika kweli, na katika kila kituo tulipima kasi na kina cha maji, kwa maana ukolezi, yaani kiasi cha uchafu katika kila lita, peke yake hausemi ni nani ameleta kiasi gani. Miligramu 1 kwa lita katika mto unaopitisha mita 1 ya ujazo kwa sekunde ni kilo 86.4 kwa siku, na hesabu hii ndogo ilimaliza mabishano mengi kuliko barua zote zilizokuwa jaladani. Salfeti, chumvi itokanayo na tindikali ya salfa, niliifanya kuwa alama ya mgodi, kwa kuwa husafiri umbali mrefu bila kupungua sana. Amonia ikawa alama ya majitaka. Sampuli za metali zilizoyeyuka zilichujwa palepale mtoni kwa kichujio cha mikromita 0.45 na kutiwa tindikali ya naitriki hadi pH iwe chini ya 2, la sivyo chuma huganda njiani na kushuka pamoja na metali nyingine. Sampuli za bakteria zilikwenda katika barafu bila kucheleweshwa. Kila chupa iliambatana na hati ya makabidhiano, kwa sababu nilijua siku moja tungeulizwa mbele ya baraza ni nani aliyeishika.

Saa za kupima zilikuwa na uzito wake. Mtambo ulikuwa ukijichukulia sampuli moja katikati ya asubuhi, siku zilezile za juma. Nilipoweka kifaa kinachochota kidogo kidogo kwa saa 24, picha ilibadilika. Na kabla ya mapambazuko, wakati mimea ya majini imekuwa ikivuta oksijeni usiku kucha bila kuzalisha yoyote, ndipo mto ulipokuwa katika hali mbaya kuliko zote. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ilileta mambo mawili kwa pamoja: mifereji ya majitaka ilifurika na kumwaga maji yasiyotibiwa, na chumvi zilizojikusanya juu ya mabaki ya mgodi zikaoshwa zote kwa mkupuo.

Mapendekezo yangu yalidai ukomo wa kilo kwa siku pamoja na ukomo wa ukolezi, sampuli za saa 24, na kumbukumbu ya kila mfuriko wa mifereji. Sharti nililolipigania zaidi lilihusu mpangilio wa kazi. Chokaa ikiwekwa katika maji ya mgodi ili kupunguza tindikali, pH hupanda, na pH inapopanda sehemu kubwa zaidi ya amonia hugeuka kuwa ile inayoua samaki. Bakteria nao hawafi tena. Niliandika kwamba mtambo wa majitaka utengenezwe kwanza, au kazi zote mbili ziende pamoja.

Haikuwa hivyo: chokaa ilianza, mtambo ukachelewa. Wiki chache baadaye nilipigiwa simu ya hasira kwamba mgodi umeuharibu mto, maana bakteria wa kinyesi wameonekana mahali ambapo hawakuwahi kuonekana. Niliomba dakika tano, nikatafuta ukurasa ule katika ripoti, nikausoma wote kwa sauti katika simu. Tarehe ya mwisho ya kutengeneza mtambo iliwekwa katika kikao kilichofuata.