Tarehe 13 Aprili haina kosa

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Tafakari ya wiki hii imetoka kwa mtoto wa miaka tisa, mimi nimeiandika tu.

Darasani kwetu shule ya Jumapili tuna kalenda ya ukutani, ile kubwa ya kufunua kila mwezi, na kila mtoto ameandika jina lake kwa makapeni kwenye siku yake ya kuzaliwa ili wiki ya bethdei yake tumwimbie na kumwombea. Sasa Jumapili ya juzi nikafunua Aprili nikakuta tarehe 13 haipo. Haijakatwa mstari, imepakwa nyeusi yote, ikarudiwa na kurudiwa mpaka karatasi imelainika ikatoboka, na wino umepenya mpaka Mei ukachafua siku ya mtoto mwingine kabisa, ambaye naye alikuwa pale pembeni anafuta machozi anataka kujua nani kamharibia bethdei.

Hatukuhitaji kutafuta aliyefanya. Vidole vyake vilikuwa vyeusi na wala hakuvificha. Ni binti mwenye siku hiyohiyo, amejifuta mwenyewe. Baba yake alifariki mwaka jana tarehe 13 Aprili, siku ambayo yeye alikuwa anatimiza miaka minane, na juu ya hapo wenzake shuleni wamemwambia 13 ni namba ya mkosi, ndo maana. Akaniambia, "Mwalimu, mimi sina siku tena."

Nisiwafiche wapendwa, sikuwa na la kumjibu. Nikamshika mkono tukaenda bombani kunawa, basi. Lakini wiki nzima lile neno lilinikaa, nikiwa kwenye daladala nalisikia, nikiwa napika nalisikia, mpaka nikaanza kutafuta, hivi hii tarehe 13 Aprili imebeba nini na nini tangu dunia ianze kuandika kumbukumbu zake? Na Jumapili iliyopita somo lilikuwa hilo, nikaweka pembeni kitabu cha masomo, wazee wa kanisa mnisamehe.

Nilianza na Mwalimu Nyerere maana ndio bethdei ambayo watoto wetu wanaipita bila kujua, wao wanajua 14 Oktoba siku aliyofariki kwa sababu hawaendi shule. Amezaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, na ukirudisha kalenda nyuma utaona ilikuwa Alhamisi Kuu, siku tatu kabla ya Pasaka, ingawa pale nyumbani kwa Chifu Burito hakuna aliyekuwa anaifikiria Pasaka. Mvua ilikuwa inanyesha sana, akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua kwa Wazanaki. Hapo watoto wakacheka. Nikawaambia subirini, baba yake ndiye aliyeitwa Nyerere, na hilo ni jina la viwavi, kwa sababu alizaliwa wakati viwavi wamevamia nchi. Fikirini hilo jamani. Mtoto anazaliwa mwaka wa janga, viwavi wanamaliza mashamba, watu wana njaa, na wanampa jina la hilo janga, kila akiitwa anakumbushwa. Huyo mtoto wa viwavi akakua akawa chifu, akamzaa mtoto wa mvua, na leo ukisema Nyerere hakuna Mtanzania anayewaza viwavi. Mwalimu alianza darasa la kwanza ana miaka 12, akabatizwa ana miaka 21, tarehe 23 Desemba 1943, na uzeeni akakaa akaziandika Injili kwa tenzi za Kiswahili. Binti yule alikuwa amekaa nyuma kabisa, kichwa chini, lakini niliona pale kwenye viwavi aliinua macho.

Halafu nikawauliza mnasikia nini chumba cha pili? Kwaya kuu walikuwa wanafanya mazoezi, wana zile karatasi za sol-fa zilizotolewa kopi juu ya kopi mpaka herufi zimefifia, wanapiga Haleluya Kuu, ile ambayo kwetu bila hiyo Pasaka haijaisha. Nikawaambia huo wimbo watu waliusikia kwa mara ya kwanza hadharani tarehe 13 Aprili 1742, mjini Dublin, Ireland, Jumanne ya Juma Kuu saa sita mchana. Aliyeutunga ni Handel, alishawahi kupigwa na kiharusi mwaka 1737, mkono wa kulia ukakataa, na alipopona akaja kuiandika kazi nzima, Masihi, kwa siku 24 tu mwaka 1741. Siku ya onyesho watu walijaa kama 700, na ukumbi ulikuwa mdogo, kwa hiyo walishatangaziwa mapema kina mama wasije na yale magauni ya kuvimba yenye matao ndani na wanaume waache panga zao nyumbani ili watu wengi zaidi wapate nafasi. Watoto walipenda sana hiyo ya panga.

Mimi nilipenda ya hela. Zile pesa za viingilio ziligawanywa mafungu matatu, mawili kwa hospitali na moja kwa ajili ya watu waliofungwa kwa madeni, na wafungwa 142 wakalipiwa wakatoka. Watu 142 walirudi nyumbani kwa sababu ya wimbo! Kwa hiyo kuna watoto kule Dublin wa mwaka ule ambao kwao ile siku ilikuja kuwa siku baba alirudi. Niliposema hivyo nikasita, nikajiuliza nimemuumiza yule binti au vipi, maana wa kwake hakurudi. Lakini nilishasema.

Basi nikaamua nisimdanganye. Nikawaambia pia kwamba tarehe hiyohiyo, mwaka 1919, kule Amritsar nchini India, watu wengi walikusanyika kwenye uwanja unaoitwa Jallianwala Bagh, umezungukwa na kuta na njia zake za kutokea ni nyembamba, ilikuwa sikukuu ya Vaisakhi ya ndugu zetu Masingasinga, na kwa Wakristo ilikuwa Jumapili ya Mitende. Jenerali Dyer, Mwingereza, akaingiza askari akaamuru wapige risasi bila kuwaonya watu. Zilipigwa risasi kama 1,650 kwa dakika kama kumi. Serikali yenyewe ilikiri waliokufa ni 379, na Wahindi walisema ni wengi zaidi ya hapo. Kulikuwa na kisima mle ndani, watu wakajirusha kisimani kukimbia risasi. Sikuwaeleza watoto zaidi ya hapo. Kuna mzazi amenipigia kuniuliza kwa nini niliwaambia watoto habari nzito hivyo, na namheshimu, ila pale darasani kulikuwa na mtoto ambaye tayari anajua siku inaweza kuwa mbaya kiasi gani, na mimi nikija na sherehe tupu angejua namficha.

Mengine nilipita haraka. Thomas Jefferson wa Marekani amezaliwa 13 Aprili 1743, ndiye aliyeandika kwamba watu wote wameumbwa sawa huku maisha yake yote akimiliki watumwa zaidi ya 600, hilo nalo ni somo la siku nyingine. Sidney Poitier, mwaka 1964 tarehe hiyohiyo, mwanaume wa kwanza mweusi kupata Oscar ya mwigizaji bora, na kwenye hiyo filamu yenyewe anaigiza fundi anayewajengea masista kanisa. Huyu alizaliwa njiti, hajafikisha miezi, mpaka baba yake alishaandaa kijisanduku cha kumzikia. Akaishi miaka 94.

Ya Apollo 13 hapo ndo watoto wa kiume waliamka. Chombo cha Wamarekani kilichokuwa kinaenda mwezini, namba 13, tarehe 13 Aprili 1970, tanki la oksijeni linalipuka, wanaume watatu ndani, Lovell, Swigert na Haise, wako zaidi ya kilomita 300,000 kutoka hapa. Mtoto mmoja akapaza sauti, "Si nimesema! Mkosi!" Nikamwambia tulia kwanza nimalize. Walihamia kwenye kile chombo kidogo cha kushukia mwezini, kimetengenezwa kwa watu wawili kwa muda mfupi, wao ni watatu kwa siku kadhaa. Wakapunguza umeme, baridi ikawa kama ndani ya friji, maji wakayapima kikombe kidogo kwa siku. Hewa wanayoitoa ikaanza kuwa sumu, na vichujio walivyobaki navyo ni vya mraba wakati matundu ni ya duara, kwa hiyo mafundi wa huku chini wakawatafutia namna ya kuunganisha kwa mifuko ya plastiki, kava za vitabu vya maelekezo, soksi na tepu. Soksi! Papa Paulo wa Sita aliongoza maelfu ya watu kuwaombea, na tarehe 17 wakatua baharini Pasifiki wazima wote watatu.

Sasa sikiliza hii, na hapa nilimgeukia yule aliyepaza sauti. Tanki lilipolipuka, saa za Houston, kule Marekani walikokuwa wanakiongozea chombo, ilikuwa usiku wa tarehe 13, ni kweli. Lakini hapa kwetu Afrika Mashariki kulishakucha, ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi ya tarehe 14. Je, mkosi ulikuwa wa tarehe ipi? Na lile onyesho la Handel, Dublin walikuwa bado wanatumia kalenda ya zamani, siku hiyohiyo kule Roma watu walikuwa wameandika 24 Aprili. Mtoto akafikiri akaniambia, "Kumbe tarehe ni sisi tunaziweka." Nikamwambia eeh, namba tunaweka sisi, jua lenyewe ndio analichomoza Mungu.

Wapendwa, nije kwenye Neno. Nilikuwa nimeshaandaa Zaburi 118:24, "Siku hii ndiyo aliyoifanya BWANA, tutashangilia na kuifurahia," ni mstari ninaoupenda na tunauimba kila bethdei. Lakini usiku wa Jumamosi nikasoma Ayubu 3 na nikaketi kitandani. Ayubu amefiwa na watoto wake wote siku moja, na anapofungua kinywa anailaani siku aliyozaliwa, anasema na ipotelee mbali, halafu ukifika mstari wa 6 anaomba usiku ule usihesabiwe katika siku za mwaka wala usitiwe katika hesabu ya miezi. Yaani anataka itolewe kwenye kalenda! Nimeisoma hiyo sura miaka mingi lakini sikuwahi kuona kwamba Ayubu pale ameshika makapeni. Na ukienda mwisho wa kitabu, 42:7, Mungu anawakasirikia wale marafiki waliokuwa na majibu ya haraka, na anamtaja Ayubu kuwa ndiye aliyenena yaliyo sawa. Mimi na kitabu changu cha masomo, na "usilie mwanangu, Mungu ana makusudi" yangu, tungekuwa upande wa wale marafiki, kwa kweli.

Lakini Ayubu huyohuyo, kidonda bado kibichi, hajapona, hajarudishiwa kitu, kwenye 19:25 anasema, "Lakini mimi najua ya kuwa Mteteaji wangu yu hai." Na mnajua Handel aliyaweka wapi hayo maneno? Ndiyo yanayofungua sehemu ya tatu ya Masihi, yanakuja baada tu ya Haleluya Kuu, sauti moja ya soprano inaimba taratibu. Kwa hiyo maneno ya yule aliyeomba siku yake ifutwe yaliimbwa Dublin tarehe 13 Aprili. Niliwaambia watoto hivyo, kwa maneno mepesi zaidi, sijui walielewa kiasi gani. Kwenye chumba cha pili tena walikuwa wameshanyamaza, wanakunywa chai.

Wiki hii someni Ayubu 3 na 19, zote mbili, msiruke ya kwanza. Na kwenye ombi mumkumbuke binti huyu na mama yake, na yeyote kwenye nyumba zenu ambaye ana tarehe hataki kuifikia.

Kipindi kilipoisha wote wakakimbilia nje, yeye akabaki. Akaja mezani, akasimama kidogo, akaomba makapeni. Nikasita kumpa, nisiwe mwongo, kisha nikampa. Akafunua Mei, akalitafuta lile doa lililochafua siku ya mwenzake, na pembeni yake, kwa herufi kubwa safi, akaandika upya jina la yule mtoto na kumchorea puto. Nikamuuliza na Aprili je, tubandike karatasi nyeupe pale?

Akaitazama. "Aprili bado, mwalimu."

Nikamwambia sawa mwanangu. Akanifunikia makapeni akaenda kucheza.