Neno himaya, usiku wa mdahalo

Mwaka 2001, nikiwa kidato cha tano, tulifanya mdahalo Ijumaa usiku kwa mada hii: "Shirikisho la Sayari ni himaya." Shirikisho hilo ni muungano wa sayari katika hadithi za kubuni za Star Trek. Tulikuwa tumeitazama mojawapo ya tamthilia zake, Deep Space Nine, kwenye kanda za video, na mimi nilipangwa kupinga.

Hoja yangu kubwa ilikuwa kwamba Shirikisho halina mfalme. Liliundwa mwaka 2161 na jamii nne, yaani Wanadamu, Wavulkani, Waandoria na Watellari. Rais ana ofisi yake Paris, baraza linakutana San Francisco, na miaka 200 na ushei baadaye wanachama wamepita 150. Nikapigiwa makofi, nikakaa.

Mwalimu wetu wa historia alisimama akaniuliza maana ya himaya. Nikajibu: dola kubwa inayotawala nchi nyingine.

"Na Zanzibar ilipowekwa chini ya himaya ya Mwingereza mwaka 1890, himaya hapo ni nini?"

Ni ulinzi. Sultani alibaki kwenye kiti chake, bendera yake nyekundu ikaendelea kupepea, na mamlaka yakahamia kwa aliyejiita mlinzi. Kumbe neno letu lenyewe linabeba mambo yote mawili, na suala la kuwepo au kutokuwepo mfalme halikuwa na uzito niliodhani.

Kisha akashika chaki, akaandika Athens. Mji ule haukuwa na mfalme. Raia wake walipiga kura. Mwaka 478 KK uliongoza miji ya Kigiriki kuungana dhidi ya Uajemi. Mchango wa kwanza ulikadiriwa talanta 460 kwa mwaka, karibu tani 12 za fedha, ukawekwa kisiwani Delos. Miji mingi ilichoka kupeleka meli na mabaharia, ikaona nafuu kulipa. Hapo ndipo ilipojimaliza, maana malipo yale yaliunda meli za Athens, na mji uliotaka kujitoa ulijikuta hauna meli wala watu waliozoea vita. Thasos, kisiwa kimoja cha muungano huo, ilijaribu mwaka 465 KK. Ilizingirwa hadi mwaka wa tatu, kuta zake zikabomolewa, meli zikachukuliwa, ikatozwa fedha. Mwaka 454 KK hazina yenyewe ilikuwa imeshahamia Athens.

Akatuachia maswali mawili: nani anashika silaha, na anayetaka kutoka anafanywa nini?

La kwanza lilitubana. Sayari ya Bajor ilipokubaliwa kujiunga na Shirikisho, jeshi lake lilikuwa limezwe ndani ya Starfleet, kikosi cha meli cha Shirikisho, na hiyo ni njia ileile ya Athens. Upande wa pili wakaongeza Wamaki, walowezi ambao sayari zao ziliangukia upande wa Cardassia, dola jirani, kwa mkataba wa 2370 kati yake na Shirikisho. Waliokataa wakashika silaha, na meli za Shirikisho lao wenyewe zikawasaka.

La pili nililijibu kwa Bajor hiyohiyo. Ilighairi kujiunga dakika ya mwisho, kisha ikatia saini mkataba wa kutoshambuliana na Dominion, adui mkuu wa Shirikisho. Haikuadhibiwa. Thasos ingeota tu jambo kama hilo. Kura zikaegemea kwetu, ingawa mwalimu alikumbusha kwamba Bajor haikuwa mwanachama, na ambaye hajaingia hawezi kuwa ushahidi wa anayetoka.

Pengo hilo lilinikaa miaka 19. Mwaka 2020 Discovery, tamthilia nyingine ya Star Trek, ikaonyesha Dunia na Ni'Var, iliyokuwa Vulcan, zikiwa zimejitoa bila kufuatwa na meli hata moja. Nilifurahi sana, mpaka nilipoangalia hesabu: wanachama walikuwa wameshuka kutoka 350 hadi 38, na mafuta ya kusafiria yameadimika. Chios nayo, kisiwa kingine cha muungano wa Athens, iliiasi Athens mwaka 412 KK, mara tu baada ya Athens kupoteza meli zake Sicily. Ninachokitafuta bado ni mwanachama aliyeaga Shirikisho likiwa na nguvu zake zote.