Nusu Bei

Juzi dukani mwanangu alisimama na kinyago cha Halloween, ile sikukuu ya vinyago na maboga ya tarehe 31 Oktoba, mkononi, akaniuliza kwa nini Santa ameshafika na maboga bado yapo. Nikamjibu kwamba Santa ana haraka. Sikumwambia kuwa mwaka mmoja baba yake ndiye aliyemleta, usiku kucha, kwa toroli.

Hiyo ilikuwa Lowell, Massachusetts, mwaka 2010. Shangazi alikuwa amenitafutia kazi ya kupanga rafu usiku katika duka moja kubwa. Mimi nilikuwa bado nashangaa miti. Majani ya mtaa mzima yaligeuka mekundu na manjano kabla ya baridi, nikadhani imeingia ugonjwa, shangazi akacheka hadi akakaa chini. Basi nilipoanza kuipenda ile rangi, nikapewa kazi ya kuiondoa.

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba msimamizi alitugawia ramani ya rafu na amri fupi: chochote chenye rangi ya machungwa kitoke. Tukang'oa majani ya plastiki, fagio za mdalasini, mahindi ya mapambo yaliyofungwa utepe, bata mzinga wa udongo wenye kofia nyeusi. Mahali pao tukajaza taa, theluji ya pamba na Santa wa kila kimo. Thanksgiving, sikukuu ya Wamarekani ya kushukuru ambapo familia hula bata mzinga, na ambayo ilikuwa bado wiki tatu na ushee, ikabakiziwa rafu moja huko nyuma karibu na vyoo.

Milango ilipofunguliwa nilikuwa namalizia maboksi. Akaja bibi mmoja na mkongojo, akaniuliza zilipo chupa za chumvi na pilipili za umbo la bata mzinga. Ya chumvi ilikuwa imemvunjikia. Nilizikumbuka, nilizifunga mwenyewe alfajiri ile. Nikapiga magoti, nikafungua boksi la kwanza, la pili, huku juu yetu spika zinaimba habari za kengele na farasi. Bibi alisubiri bila kusema neno. Nilipozipata, alizipokea kwa mikono miwili, akageuza kitako, akasoma kibandiko.

"Nusu bei," akasema. "Na hata hatujala!"

Hakuwa ananiambia mimi. Alikuwa anamtazama Santa mkubwa aliyekuwa nyuma yangu. Kisha akauliza kama kwetu tuna Thanksgiving. Nikamweleza Jumapili ya mavuno: watu wanaleta ndizi, mahindi na kuku mbele ya madhabahu, halafu baada ya ibada vinapigwa mnada. Akataka kujua kuku ananunuliwa na nani. Nikamwambia mara nyingi na yule yule aliyemleta, maana jirani akipandisha bei huwezi kumwachia kuku wako. Bibi alicheka, akaondoka na chupa zake. Sikumwona tena.

Baadaye nilisoma kwamba mambo haya ni ya zamani. Mwaka 1939 Rais Roosevelt aliivuta Thanksgiving nyuma kwa wiki moja, kutoka tarehe 30 Novemba hadi 23, kwa sababu wafanyabiashara walitaka siku zaidi za kuuza vitu vya Krismasi. Majimbo mengine yalikataa, nchi ikala bata mzinga kwa tarehe mbili, hadi Bunge lilipoweka sheria ya Alhamisi ya nne mwaka 1941. Massachusetts angalau maduka makubwa hufungwa siku hiyo kwa sheria. Lakini sheria inaishia saa sita usiku. Mwaka ule nilikula kwa shangazi, bata mzinga na chapati, nikaondoka kwenda kazini kabla ya chai, nikakuta foleni ya wanunuzi imeshazunguka duka kwenye baridi.

Ningependa kulalamika, ila mbuzi wa mama ananizuia. Krismasi ile ya mapema ilinipa saa za ziada, na katikati ya Novemba nikatuma pesa nyumbani. Mama akapiga simu, ana wasiwasi. Mbona mapema hivyo, naumwa? Nikamwambia huku Krismasi imeshaanza.

"Imeanza lini?"

"Tangu tarehe mosi, mama."

Akanyamaza kidogo, nikajua anapiga hesabu. "Basi afadhali," akasema. "Mbuzi nitamnunua kesho. Wanaosubiri Desemba watamkuta kwa bei ya ng'ombe."