Likizo ya Pemba na Jedwali Lililopinduliwa

Jumamosi usiku, Magomeni

Kwa wiki mbili sasa, kila nirudipo kutoka kazini hufungua jedwali ambalo halihusiani kabisa na hesabu za mwajiri wangu. Lina safu saba, moja kwa kila siku ya likizo ambayo mimi na mdogo wangu tumekusudia kuitumia Pemba, na kila safu imegawanywa kwa saa. Tumekubaliana kuwa safari hii haitakuwa ya kulala chini ya mwavuli na kunywa madafu. Tunataka likizo ya kutoka jasho: baiskeli, miguu na maji ya chumvi. Nakiri kwamba jedwali lenyewe limenipa raha kiasi cha kutilia shaka kama kweli ninakwenda mapumzikoni au ninaihamishia ofisi kisiwani.

Mpango wa kwanza ulikuwa hivi. Tungeshuka Mkoani siku ya kwanza, tukapanda baiskeli hadi Chake Chake, kisha siku ya pili tukashika barabara ya zamani ya kwenda Wete, ambayo ni mwendo wa kama kilomita 30. Siku mbili zilizofuata zilikuwa za kaskazini: msitu wa Ngezi, ufuko wa Vumawimbi, na mnara wa taa wa Ras Kigomasha uliojengwa mwaka 1900. Siku ya tano ilikuwa ya magofu ya Pujini, na ya sita, ambayo niliipaka rangi ya njano kwa heshima, ilikuwa ya kisiwa cha Misali: kuvuka kwa mashua kutoka Wesha na kuogelea kwa miwani na mrija juu ya matumbawe mpaka vidole vikunjamane. Niliiweka mwishoni kwa sababu kitu kizuri huwekwa mwishoni. Sikuwa na sababu nyingine.

Leo mchana nikampigia simu mjomba, kaka yake mama, aliyevua samaki maisha yake yote kabla magoti hayajamgomea. Baada ya shikamoo na habari za kila mtu wa nyumba, nikamsomea jedwali langu kwa sauti, tarehe baada ya tarehe. Alisikiliza kwa subira, kisha akauliza, "Mpwa wangu, hiyo siku ya Misali mwezi utakuwa wa ngapi?" Sikujua. Nilikulia Dodoma, na kwetu mwezi ulikuwa wa kuanza na kumaliza mfungo. Akahesabu mwenyewe, akanyamaza kidogo, akasema, "Kumi na nne. Basi hiyo mashua mtaitoa Wesha mmeibeba mabegani."

Hapo ndipo nilipopata somo ambalo ningepaswa kulipata miaka mitatu iliyopita. Mwaka ule nilikwenda pwani ya mashariki ya Unguja, nikaamka asubuhi nimevaa nguo za kuogelea, na kuikuta bahari imeondoka. Mawimbi yalikuwa mstari mweupe kule mbali mwambani, na mbele yangu palikuwa na mchanga, mwani na kina mama wenye vijiti wakitafuta pweza. Nililalamika siku nzima kana kwamba nimedhulumiwa. Kumbe ilikuwa bamvua. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana, na katika pwani yetu kupwa huko huangukia katikati ya asubuhi, saa zile zile ambazo mgeni anataka kuogelea. Mwezi ukiwa wa siku saba au nane, na tena ishirini na mbili hivi, ni maji mafu: hayaendi mbali, mkondo hupoa, na matope hayavurugwi, kwa hiyo anayezamisha uso huona mbali zaidi.

Likizo yetu inaanza mwezi ukiwa wa tisa. Kwa hiyo jedwali limepinduliwa. Misali imekuja siku ya pili, tukiwa bado karibu na maji mafu. Tutaondoka Wesha asubuhi maji yakijaa na kurudi alasiri kabla hayajatuacha. Bamvua tumeiachia siku za mwisho, na mahali pa kuogelea nimeandika kutembea juu ya mwamba mkavu, jambo ambalo siku ile ya Unguja nilikuwa nalo miguuni pangu nikalikataa. Mjomba amekumbusha pia kwamba Ijumaa tusimtafute nahodha kabla ya sala.

Kuhusu upepo, hapo tumebahatika bila kujua. Mwajiri wangu alikataa kunipa likizo mwezi Julai, nikanuna, kumbe Julai kusi ingekuwa inapiga sawasawa. Mwishoni mwa Oktoba kusi huwa imechoka na kaskazi haijafika. Mjomba anauita upepo wa wakati huo matlai, na anasema bahari hulala. Mvua za vuli zinaweza kutukuta barabarani, lakini mvua haimzuii mwenye baiskeli kama inavyomzuia mwenye kiatu kipya.

Mama ndiye aliyehitaji maneno mengi zaidi. Hawezi kusikia mkondo wa Nungwi ukitajwa bila kukumbuka Septemba 2011, ilipozama MV Spice Islander ikielekea Pemba. Sikumbishia. Nimemwahidi kwamba hatutapanda chombo kilichojaa kupita kiasi, na kwamba kwenye mashua ya Misali jaketi okozi tutazivaa, hatutazikalia.

Ngezi sijaigusa. Ni msitu mnene, uliobaki kutoka enzi ambazo karafuu hazijachukua vilima, na ndani yake upo mpapindi, mti mwembamba wa porini wa jamii ya mnazi, ambao asili yake ni Pemba. Nimeongeza pia Kidike, kwa ajili ya wale popo wakubwa wanaopatikana Pemba pekee, ambao miaka ya mwisho ya 1980 walikuwa wamebaki wachache mno kwa kuwindwa, kisha wanavijiji wakaamua kuwalinda. Pujini imeondolewa. Mdogo wangu ameipigania, nami nimemwambia kwamba magofu hayapwi wala hayajai, yatatusubiri.

Kazi iliyobaki ni ya mikono. Pemba si tambarare kama wengi wanavyodhani; ni vilima vinavyofuatana, na karafuu zikiwa zimeanikwa kwenye majamvi kando ya lami, anayeshuka kwa kasi hana pa kukwepea. Breki za nyuma za baiskeli yangu zimelika. Kesho asubuhi nakwenda Kariakoo.