Upanga Uliorudishwa Majini: Siku Nne Nikifuata Habari za Mfalme Arthur

Swali lililotutoa nyumbani liliulizwa na mpwa wangu, binti wa miaka 11, siku ya pili baada ya mimi kufika Bristol kumtembelea dada yangu. Alikuwa ameazima vitabu viwili vya hadithi za Mfalme Arthur kutoka maktaba ya shule yao, na vitabu hivyo havikupatana. Katika kimoja, kijana Arthur anachomoa upanga kwenye jiwe, na kwa tendo hilo anatambuliwa kuwa mfalme. Katika kingine, Arthur amekwisha kutawazwa, naye anapewa upanga na mkono unaochomoza katikati ya ziwa. Vyote viwili vinauita upanga huo Excalibur. "Mjomba," akaniuliza, "upanga ni mmoja, au ni panga mbili?"

Nimelelewa katika hadithi za Fumo Liongo, ambaye wengine husimulia kuwa aliuawa na mwanawe na wengine kuwa aliuawa na mpwawe, lakini wote wanaafikiana juu ya shaba iliyomchoma kitovuni. Kwa hiyo kutofautiana kwa wasimulizi hakukunishangaza. Kilichonishangaza ni kwamba hapa walitofautiana juu ya silaha yenyewe: imetoka wapi, inaitwaje, na nani anayeishika. Shule zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya Pasaka, dada yangu alikuwa na siku nne za likizo na gari, basi tukaondoka kwenda kupaona mahali ambako Waingereza wanauweka upanga huo.

Tulianzia Winchester. Katika Ukumbi Mkuu wa ngome ya zamani, uliojengwa katika karne ya 13, imetundikwa ukutani meza ya duara ya mwaloni, iitwayo meza ya Arthur na wapiganaji wake, yenye upana wa mita 5.5. Haina miguu tena, nayo ipo juu kabisa, hata mtu hulazimika kuinua shingo kama anayetazama saa ya mnara. Wataalamu waliochunguza mbao zake wameona kuwa ilitengenezwa katika nusu ya pili ya karne hiyo hiyo ya 13, yaani zaidi ya miaka 700 baada ya enzi ambazo Arthur husemwa kuwa aliishi, na rangi tunazoziona leo zilipakwa wakati wa Mfalme Henry VIII. Kuna mistari ya kijani na nyeupe inayokwenda katikati kama miale, waridi mahali inapokutana, na mfalme mwenye ndevu ameketi juu akiwa ameshika upanga uliosimama wima. Mpwa wangu alizunguka chini ya meza ile akisoma majina yaliyoandikwa pembeni mwake, naye akahesabu wapiganaji 24. Kisha akanijia amekunja uso. Kila mtu ameandikwa jina lake, ila upanga haukuandikwa.

Winchester ndiyo mji ambao mwandishi Thomas Malory aliutaja kuwa Camelot, makao ya Arthur, na Malory ndiye chanzo cha vitabu vyote viwili alivyoazima mpwa wangu. Mtu huyu, mpiganaji aliyekuwa mfungwa, alimaliza kuandika mkusanyiko wake mkubwa kati ya mwaka 1469 na 1470, na William Caxton akauchapa mwaka 1485. Nakala pekee ya mkono iliyosalia ilionekana mwaka 1934 katika maktaba ya shule moja kongwe papo hapo Winchester, na sasa inahifadhiwa London. Malory hakubuni upanga. Alirithi hadithi kutoka kwa Wafaransa zilizokuwa zimekwisha kugombana kabla hazijamfikia, akaziweka pamoja bila kuzipatanisha.

Tulikaa kwenye benchi nje ya ukumbi nikamsimulia habari ya jiwe kama ilivyo kwa Malory, kwa sababu vitabu vya watoto huacha kitu ambacho kwangu ndicho kizuri kuliko vyote. Upanga haukuchomekwa kwenye jiwe tu. Juu ya jiwe palikuwa na fuawe ya chuma cha pua, na upanga ulipenya fuawe kwanza ndipo ukaingia jiweni. Fuawe ni kitu cha mhunzi. Ndipo chuma kinapopigwa kikawa silaha, na hapa silaha imerudi kukwama mahali pa kuzaliwa kwake ikimngoja mwenyewe. Pembeni yake pameandikwa kwa herufi za dhahabu kwamba atakayeuchomoa ndiye mfalme halali kwa kuzaliwa. Arthur hakwenda pale kutafuta ufalme. Kay, aliyelelewa naye kama ndugu, alikuwa amesahau upanga wake nyumbani siku ya mashindano ya Mwaka Mpya. Arthur akatumwa kuuchukua, akakuta nyumba imefungwa kwa kuwa watu wote wamekwenda kutazama, ndipo akakumbuka ule wa uwanja wa kanisa. Aliuchukua kama mtu anayeazima mwiko kwa jirani. Aliyeandika kwanza habari hii ya fuawe na jiwe, kadiri ya maandiko tuliyonayo, ni Mfaransa Robert de Boron, mnamo mwaka 1200.

"Basi Excalibur ndiyo hiyo," akasema mpwa wangu.

Nikamwambia asubiri, kwa kuwa Malory mwenyewe anajikanusha. Katika vita vya kwanza baada ya kutawazwa, anaeleza kwamba Arthur alichomoa upanga wake Excalibur, ukang'aa machoni mwa adui kama mienge 30. Lakini kurasa chache mbele, Arthur anapigana na Mfalme Pellinore, upanga wake unavunjika vipande viwili, na Merlin, mchawi na mshauri wake, anampeleka ziwani kupata mwingine, ambao nao ndio Excalibur. Waandishi wa baadaye walipoona upanga wenye jina moja umetoka mahali pawili, kila mmoja alichagua upande wake, na ndiyo sababu vitabu vya maktaba ya shule havikupatana.

Siku ya pili tulikwenda Glastonbury, na huko nilikaa muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Kilima cha Tor kinainuka mita 158 juu ya bahari, katikati ya nyanda tambarare ambazo zamani zilikuwa vinamasi. Ukipanda asubuhi, ukungu ukiwa bado umelala chini, unaelewa bila kuambiwa kwa nini watu walikiita kisiwa. Hapa ndipo wengi wanapoweka Avalon, kisiwa cha hadithi za Arthur, na Avalon ndipo upanga ulipofuliwa, kwa mujibu wa Geoffrey wa Monmouth, aliyeandika kwa Kilatini katika miaka ya 1130. Kwa Geoffrey hakuna jiwe wala ziwa wala mkono wa mtu. Upanga unaitwa Caliburnus, umefuliwa katika kisiwa cha Avalon, na kwa upanga huo Arthur anaua watu 470 katika pigano moja karibu na Bath. Hakutuambia nani alimpa mfalme upanga huo, na nadhani hakuona haja. Kwa msimulizi wa vita, ubora wa chuma ulitosha.

Chini ya kilima yapo magofu ya abasia, na katikati ya nyasi zake pamewekewa alama pale ambapo kaburi la Arthur lilikuwa. Abasia iliungua mwaka 1184, na mwaka 1191 watawa walitangaza kwamba wamefukua mifupa ya Arthur na ya malkia Guinevere, pamoja na msalaba wa risasi wenye jina lake. Mwaka 1278 Mfalme Edward I alikuja kushuhudia mifupa hiyo ikizikwa upya mbele ya madhabahu. Wanahistoria wengi wanaamini watawa walihitaji mahujaji na fedha za kujenga, nami sina sababu ya kuwapinga. Jambo lililonisimamisha pale ni tarehe. Mwaka huo huo wa 1191, Mfalme Richard I, akiwa njiani kwenda vita vya msalaba, alimzawadia Tancred, mfalme wa Sisilia, upanga ulioelezwa kuwa ndio Caliburn wa Arthur. Mtu aliyekuwa hai mwaka ule angeweza kuamini kwamba upanga ule ni mali inayoshikika, inayopita kutoka mfalme hadi mfalme kama farasi au merikebu. Habari ya upanga kutupwa majini mwishoni mwa maisha ya Arthur iliandikwa baadaye, katika hadithi ndefu za nathari za Wafaransa za karne ya 13, na mtupaji katika masimulizi hayo si Bedivere, mpiganaji anayetajwa na Malory, bali mtu aitwaye Girflet.

Usiku, katika nyumba ya wageni, nilisoma masimulizi ya Kiwelisi, ambayo ndiyo yenye jina kongwe. Upanga unaitwa Caledfwlch, jina lililoundwa kwa maneno yenye maana ya ugumu na pengo, na lina undugu na Caladbolg, upanga wa shujaa wa Ireland, Fergus mac Róich, uliokata vilele vya vilima vitatu. Kutoka Caledfwlch likaja Caliburnus kwa Kilatini, kisha Escalibor kwa Wafaransa, na hatimaye Excalibur. Katika hadithi ya Culhwch na Olwen, anayeushika Caledfwlch katika pambano kubwa si Arthur bali Llenlleawg Mwairish, aliyeunyakua na kumuua Diwrnach ili wachukue sufuria yake. Katika utenzi wa Kifaransa wa Chrétien de Troyes, wa karne ya 12, Escalibor imefungwa kiunoni mwa Gawain, mpwa wa mfalme, na inakata chuma kama ubao. Nilimsomea mpwa wangu sehemu hizo wakati dada yangu amelala, naye akauliza kama Gawain aliomba ruhusa ya mjomba wake. Nikamjibu kuwa mwandishi hakusema, lakini mjomba mwema humwachia mpwawe.

Ndipo nilipoanza kuona kile ambacho sasa nakiamini, kwamba swali la panga mbili lina jibu katika tabia za panga zenyewe. Upanga wa jiweni ni ushahidi: ukishamtambulisha mrithi, kazi yake imekwisha, na ukivunjika hakuna hasara. Upanga wa ziwani ni amana. Umekabidhiwa mfalme kwa sharti, kwa kuwa Bibi wa Ziwa, mwenye upanga huo, alimwambia Arthur kwamba siku moja ataomba zawadi yake, na mwishowe lazima urudi kwa mwenyewe. Kati ya hizo mbili mimi naupenda ule wa majini, na nilitaka kuona mahali ulikorudishwa.

Wenyeji wa Glastonbury huonyesha daraja la Pomparles juu ya mto Brue. Tulisimama hapo dakika tano tu. Ni daraja la kawaida la barabara, magari yanapita bila kukoma, na mto chini yake ni mwembamba. Tintagel, katika pwani ya kaskazini ya Cornwall, palitupa zaidi. Kwenye ncha ya mwamba, ng'ambo ya daraja la miguu lililofunguliwa mwaka 2019, imesimama sanamu ya shaba nyeusi iitwayo Gallos, mfalme aliyevaa joho na taji, mikono yake miwili juu ya upanga. Mwili wake una matundu makubwa, hata ukisimama mbele yake unaiona bahari kupitia kifuani mwake. Upepo ulikuwa ukiingia ndani ya joho na kutoka mgongoni. Sehemu iliyo nzima, isiyo na tundu hata moja, ni upanga.

Siku ya nne tulifika Dozmary Pool, katika nyika ya Bodmin. Malory hakulitaja ziwa lake kwa jina, naye aliweka vita vya mwisho karibu na Salisbury, mbali sana na hapa. Lakini Geoffrey aliviweka Cornwall, na watu wa Cornwall wana haki ya kulidai. Wanasema kina chake hakina mwisho, ingawa mwaka 1859 lilikauka kabisa wakati wa kiangazi. Tuliacha gari barabarani tukatembea kwa njia yenye tope, kondoo wakitutazama. Hapakuwa na mti wala nyumba karibu, na maji yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyokolea.

Hapo nikawasimulia. Arthur amejeruhiwa jeraha la kufisha, anamwomba Bedivere autupe upanga majini. Bedivere anautazama mpini wenye vito, roho inamsita, anauficha chini ya mti na kurudi akisema ameutupa. "Uliona nini?" anauliza mfalme. "Sikuona kitu, bwana wangu, ila mawimbi na upepo." Arthur anajua kuwa amedanganywa. Mara ya pili ni yale yale. Mara ya tatu Bedivere anautupa kwa nguvu zake zote, na mkono unatoka majini, unaudaka kwa mpini, unautikisa mara tatu, kisha unazama nao.

Dada yangu, ambaye safari nzima alikuwa akitucheka kwa upole, alinyamaza. Mpwa wangu alisogea mpaka maji yakagusa viatu vyake vya mvua.

"Na ala yake, mjomba? Mbona hawakuitupa?"

Nilikuwa nimesahau. Merlin alimwambia Arthur kwamba ala ile ina thamani mara kumi ya upanga, kwa kuwa anayeivaa hatapoteza damu hata akijeruhiwa vipi. Lakini Morgan, dada wa mfalme, aliiiba akaitupa katika ziwa, ikazama kwa uzito wa dhahabu na vito. Ndiyo sababu siku ya mwisho hakuwa nayo.

"Ziwa hili hili?"

"Malory hakutaja jina la ziwa hilo pia."

Akachutama, akatumbukiza mkono mpaka kiwiko, akapapasa chini penye changarawe kwa muda, huku mama yake akimwambia atoke, maji ni baridi.